Ukakasi

Jina lake litawachekesha:
aliitwa Tamasha,
na hakuna aliyewahi kumwona akicheza.
Mjane wa Goychay, kondoo kumi na mmoja,
jino moja la dhahabu, na paa la bati
linaloonekana kutoka barabara ya kiwandani.

Mimi nilikuwa dereva wa taka.
Kila Oktoba kiwanda kikikamua komamanga
juisi ilikwenda mjini ndani ya chupa za shingo ndefu,
nami nikabaki na maganda,
tani kwa tani, mekundu, yakifuka mvuke alfajiri,
nyigu wakinifuata kama watu wanaonidai.
Niliyamwaga korongoni.
Kijito cha chini kikawa rangi ya chai iliyolala.
Hakuna aliyeuliza.

Siku moja akasimama katikati ya barabara,
ufagio mkononi kama askari wa trafiki.
"Wapeleka wapi chakula hicho?"
"Ni taka, mama."
"Taka ni neno la mtu aliyeshiba."

Nikammwagia lori zima uani.

Kondoo walinusa, wakarudi nyuma.
Yule jike mwenye sikio lililopasuka akaonja,
akakunja mdomo, akamtazama bibi yake
kama mkwe aliyepewa chai bila sukari.
Tamasha naye akatia ganda kinywani, akatafuna.
Ukakasi ukamkaza ulimi, mashavu yakaingia ndani.
"Wana haki," akasema, akatema.

Basi akaanza upya.
Akayaanika juu ya bati, akiyageuza kwa reki
mpaka yakalia kama vigae.
Akayatwanga.
Siku ya kwanza konzi moja
katika ndoo ya pumba na majani makavu,
siku ya nne konzi mbili,
na hapo akasita wiki nzima, akichungulia samadi
kama mtu asomaye barua ya mwanawe aliye jeshini.

Beberu wa jirani hakuwa na subira hiyo.
Alipenya pengo la ua, akafakamia gunia bichi,
akafunga choo siku tatu.
Tukamnywesha mafuta, tukamtembeza usiku kwenye theluji,
mimi mbele na kamba, Tamasha nyuma na matusi.
Hakufa.
Jirani hakumsemesha mpaka Nairuzi.

Katika daftari la mjukuu, nyuma ya hesabu za kugawanya,
aliandika safu mbili:
maziwa; wanakondoo walioharisha.
Mwaka wa nyuma, sita.
Mwaka huu, wawili.
Mubariz, daktari wa mifugo, akavua miwani:
"Kondoo kumi na mmoja si ushahidi, bibi."
"Wala mimi si mahakama,"
akamjibu, akamjazia bakuli la mtindi.
Akalila lote. Akaomba kulitazama tena daftari.

Oktoba iliyofuata nilikuta mizani getini.
Meneja, koti jipya, akaniambia
maganda sasa yana bei, yana karatasi, yana muhuri;
kuna mnunuzi wa mbali mwenye ng'ombe mia nane.
Yaleyale niliyokuwa nikilipwa kuyatupa.
Gunia moja, bei ya shayiri.

Nilimpa Tamasha habari nikiwa juu ya usukani,
injini ikinguruma ili nisisikie jibu.
Nililisikia.
"Kumbe walikuwa wakinitazama."

Kuna kona chini ya nyumba yake,
barabara imebonyea upande wa kulia.
Mlango wa nyuma wa lori una komeo la zamani.
Mimi si mwizi.
Huweka tu mguu kwenye breki
kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika,
kila Jumanne na kila Ijumaa.
Katika kioo cha pembeni
ufagio umekwisha fika barabarani.

Huko niendako mizani husema
kilo ishirini zimepungua.
Karani hunyanyua uso.
Naandika: unyevu.